Nianze na Mguu Gani?

Mazoezi ya Juma Kuu yalikuwa yamefika katikati. Tulikuwa tunajifunza *Ubi caritas*, wimbo wa Kilatini wa mtunzi Mfaransa Maurice Duruflé, kwa ajili ya matoleo ya Alhamisi Kuu, na alto walikuwa wameanza kuushika wimbo. Mzee mmoja wa besi, aliyeanza kuimba kwaya kabla mimi sijazaliwa, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Hapa tunahesabu ngapi?"

"Hapa hatuhesabu, mzee wangu. Tunasema maneno, tunakwenda nayo."

Akaitazama karatasi, kisha akanitazama mimi. "Sawa. Sasa nikisema, nianze na mguu gani?"

Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka. Tukaendelea. Pasaka ikapita, Pentekoste ikapita, swali lake bado limenikaa kichwani.

Maana mzee hakuwa anatania. Yeye huimba kwa mguu. Kisigino cha kulia kikigonga sakafu ndipo sauti hutoka, na kwa nyimbo zetu nyingi kisigino hicho hakijawahi kumwangusha. Kwa Duruflé kilining'inia hewani.

## Karatasi yenyewe

Ukiifungua nota ya *Ubi caritas* unaelewa kwa nini. Kipimo cha tatu kwa nne, kisha mbili kwa nne, kisha tatu tena, na mpangilio wenyewe hauna mpangilio. Mwanafunzi wa nota akiiona kwa mara ya kwanza hudhani mtunzi alikuwa anatafuta ugumu kwa makusudi.

Sasa acha mapigo, soma maneno ya Kilatini peke yake, polepole, kama msomaji mzuri wa somo la kwanza. Kila mstari wa kipimo unaangukia mahali ambapo neno lenyewe linataka kuegemea. Duruflé hakuyapangia maneno nyumba. Aliyaacha yatembee, akaja nyuma yao akiweka alama.

Ndani yake umo wimbo wa kale wa Kanisa, nao wanao alto. Soprano wananyamaza mwanzoni, jambo ambalo soprano wetu walilipokea kwa shingo upande. Sauti za chini zinatandika chini ya alto zikitembea nao kwa mwendo uleule, hakuna anayekimbia, hakuna anayebaki nyuma kupamba. Dakika mbili na ushee, Amina, kimekwisha.

Huo ni mmoja wa moteti nne, nyimbo fupi za kwaya, alizozitoa mwaka 1960, zote zimejengwa juu ya nyimbo za Kigregoriani, zile za kale za Kilatini zinazoimbwa kwa sauti moja. Mwenyewe alizaliwa Louviers, Ufaransa, 1902, na akiwa na umri wa miaka kumi hivi akapelekwa kwenye shule ya waimbaji ya Kanisa Kuu la Rouen. Huko nyimbo hizi hazikuwa mapambo ya sikukuu. Zilikuwa uji wa kila asubuhi. Alipokuja kuandika Rekwiemu yake, iliyokamilika 1947 na aliyoitabaruku kwa kumbukumbu ya baba yake, aliijenga karibu yote juu ya nyimbo za Misa ya wafu, na akaeleza kwamba alichokuwa anatafuta ni kupatanisha mwendo wa Kigregoriani, kama wamonaki wa Solesmes, monasteri ya Ufaransa, walivyoufundisha, na vipimo vya muziki wa kisasa.

Kupatanisha. Kwa hiyo hata yeye aliona ugomvi upo.

Alikuwa mtu wa kufuta kuliko kuandika. Kazi alizozipa namba zinaishia 14, kwa maisha yaliyofika 1986. Nawafahamu watunzi wetu wanaomaliza 14 kabla ya Kwaresima kwisha. Nami nimo.

## Bibi na Credo

Hapa ndipo shaka iliponiingia, na sitaki kuiruka.

Bibi yangu aliijua Credo ya tatu, yaani Nasadiki ya Kigregoriani, yote kwa kichwa, Kilatini, toka mwanzo hadi Amina, bila kujua maana ya neno moja moja. Aliiimba akipepeta mchele. Bibi huyohuyo alitusimulia kwamba enzi za usichana wake ngoma haikukaribia mlango wa kanisa. Mtoto akionekana kwenye ngoma Jumamosi, Jumapili alijua atakachokutana nacho kwa katekista. Vitu hivyo viwili vilikuja na meli moja: Credo ikaingia ndani, ngoma ikabaki nje.

Kwa hiyo mtu wa kizazi changu anaposimama mbele ya kwaya ya Kitanzania na kusema "tujifunze kwa wimbo wa Kigregoriani", ana haki ya kuulizwa: unaturudisha wapi? Padre Stephen Mbunga, mmoja wa watu wetu wa kwanza kulikabili suala hili kwa kalamu ya kitaalamu, alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Hakuandika kwa kukosa kazi. Na Desemba 4 ya mwaka uleule, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati juu ya liturujia. Ibara ya 116 inaupa wimbo wa Kigregoriani nafasi ya kwanza. Ibara ya 119 inataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi inayostahili.

Ibara mbili tu katikati yake. Tangu hapo kila mtu husoma ile inayomfaa.

Nilizunguka na hili kwa muda. Kilichonipunguzia uzito ni tarehe, si hoja. Monasteri ya Solesmes ilifufuliwa na Prosper Guéranger mwaka 1833, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kuvunja utawa. Wamonaki wake wakaanza kukusanya na kulinganisha maandiko ya mkono ya karne nyingi, kwa sababu nyimbo zilizokuwa zikiimbwa wakati huo zilikuwa zimekatwa na kuchakachuliwa. Mwaka 1889 André Mocquereau akaanza kuchapisha picha za maandiko hayo. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi akatoa waraka wake juu ya muziki mtakatifu, na kitabu cha nyimbo za Misa chenye sura hiyo iliyorekebishwa kikatoka 1908.

Peramiho, misheni ya Wabenediktini huku kwetu Ruvuma, ilianzishwa 1898.

Yaani wakati wamisionari wanatufundisha wimbo wa "tangu zamani", Ulaya yenyewe ilikuwa katikati ya kujifunza upya namna ya kuuimba. Tulidhani tumekabidhiwa jiwe. Kumbe ulikuwa udongo mbichi, na mikono iliyokuwa inaufinyanga ilikuwa bado haijakauka. Kama wao walikuwa na ruhusa ya kuufanyia kazi, sioni kwa nini kazi yetu iwe ni kurudia tu.

## Watawa hawana kiongozi wa mapigo

Muda si mrefu baada ya Pentekoste nilipata safari ya kifamilia upande wa Ruvuma, na jioni moja nikakaa nyuma ya kanisa la watawa wakati wa Masifu ya Jioni. Sikuenda kufanya utafiti. Nilienda kukaa.

Masista wanaimba zaburi kwa Kiswahili kwa mtindo wa kale: upande huu mstari, upande ule mstari, noti moja wanayoikalia kwa maneno mengi, kisha mteremko mdogo mwishoni. Hakuna anayepunga mkono. Silabi kumi na mbili au silabi ishirini, noti ile inazibeba zote, na wote wanafika kwenye mteremko pamoja.

Ni pale kwenye mteremko nilipoinua kichwa.

Waliowahi kufundishwa zaburi za Kilatini wanajua usumbufu wake. Kilatini kina maneno yanayokazwa silabi ya pili kutoka mwisho, na mengine ya tatu kutoka mwisho: *Dóminus*, *glória*, *misericórdia*. Kwa hiyo mteremko wa zaburi hubeba noti ya ziada, ya kutumia pale neno refu la namna hiyo linapojitokeza, na mwimbaji lazima ajue mapema iwapo ataihitaji. Vitabu vya zamani vilijaa alama za kumwonya.

Kiswahili hakimsumbui mtu hivyo. Utu*ku*fu. Hu*ru*ma. *Mi*lele hapana, mi*le*le. Ukiacha vineno vichache vya mkopo kama lazima, mkazo unakaa mahali pamoja, na silabi karibu zote zinaishia kwenye irabu iliyo wazi ambayo mwimbaji anaweza kuikalia atakavyo. Noti ile ya ziada haina kazi. Masista walikuwa wanateremka kila mstari kwa njia moja, bila onyo, bila kuangaliana.

Nimeimba kwaya tangu utoto na sikuwahi kufikiri kwamba mtindo ule, tuliouita wa Kizungu, unaikalia lugha yetu vizuri kuliko unavyoikalia lugha iliyouzaa.

## M yenye pigo

Twende kwenye mfano. Chukua Zaburi ya 23, mstari ambao kila mtu anaujua:

*Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu.*

Utie kwenye nne kwa nne, silabi moja pigo moja, kama wengi wetu tulivyoanza kutunga. Pigo la kwanza la kila kipimo litaangukia wapi? *Bwa*, vizuri. Kisha *m* ya mchungaji. Kisha *wa*, sawa. Kisha *pu* ya sitapungukiwa. Kisha *na*.

Soma kwa sauti ukikaza hapo: BWA-na-ndi-ye, M-chu-nga-ji, WA-ngu-si-ta, PU-ngu-ki-wa, NA-ki-tu.

Hakuna Mswahili anayesema hivyo, hata akiwa amekasirika. Na kwa kuwa m haiwezi kubeba pigo zito peke yake, kwaya inaisaidia: inaimba *muchungaji*. Ni chanzo kilekile cha *Mutakatifu* tunayoisikia kila Dominika kuanzia Bukoba hadi Mtwara. Tunawalaumu waimbaji kwa matamshi. Waimbaji wanafanya ukarabati wa kosa la mtunzi.

Mtunzi mjanja atarefusha silabi hapa na kufupisha pale ili mkazo urudi mahali pake, na wapo wanaoweza kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Siwasemi hao. Nasema juu ya ule uvivu wa kuchukua kipimo kwanza, kisha kuyasokomeza maneno ndani.

Sasa fuata njia ya Solesmes. Kuhesabu kupo kwao, ila ni kwa vifungu vidogo vya mbili na tatu vinavyofuatana bila ratiba. *Bwana*, mbili. *Ndiye*, mbili, kisha mbili nyingine za kuvuka *mchu*. *Ngaji*, mbili. *Wangu*, mbili. *Sita*, *pungu*, mbili na mbili. Halafu *kiwana*, tatu, na *kitu* inapumzika. Mstari mzima una tatu moja tu, karibu na mwisho, na hiyo tatu moja ndiyo inayofanya "na kitu" itue kama mtu anayeketi. Ndani ya nne kwa nne hiyo tatu haina pa kukaa.

Hiki ndicho ninachoamini Duruflé alikitoa kwenye wimbo wa kale. Ladha ya Kilatini ni jambo la pembeni, na moshi wa ubani pia. Alichokichukua ni utaratibu wa kazi: neno kwanza, kipimo baadaye.

## Mwestonia mwenye sheria

Kuna mwingine aliyefika hapo kwa njia nyingine kabisa, nami namtaja kwa sababu vijana wa kwaya yetu wanamsikiliza kwenye simu kuliko Duruflé.

Arvo Pärt wa Estonia, aliyezaliwa 1935, baada ya *Credo* yake ya 1968 aliingia miaka ya ukimya, akajaza madaftari kwa mazoezi ya sauti moja akichimba wimbo wa Kigregoriani na muziki wa kale. Alipotoka, kwenye 1976, alikuwa na lugha mpya. Katika *Passio* ya 1982, ambayo ni Mateso kadiri ya Yohane, ni sentensi yenyewe inayoamua urefu wa noti: neno lililo kabla ya mkato lina haki yake, lililo kabla ya nukta lina yake, na swali lina yake. Vituo vya uandishi vimekuwa kanuni za muziki.

*Da pacem Domine* yake nayo inajulikana sana. Aliianza siku mbili baada ya mabomu ya treni za Madrid ya Machi 2004, juu ya antifona, kiitikio cha kale, ya karne ya tisa. Inagusa, sikatai. Ila pale silabi zimevutwa hadi neno linayeyuka, na kwa mtu anayetafuta namna ya kuimbisha zaburi ili babu wa benchi la mwisho aelewe, haina msaada mkubwa. Nikiambiwa nichague mwalimu kati ya Pärt hawa wawili, namchukua wa *Passio*, hata kama ni zaidi ya saa nzima na hakuna parokia itakayoniruhusu.

## Ngoma iko wapi?

Swali la mzee lilikuwa bado halijajibiwa. Mguu.

Jibu la haraka linalotolewa kila mahali ni *Missa Luba*. Kamina, Katanga, huko Kongo, 1958: Padre Guido Haazen na vijana wake waliitwaa Misa ya Kilatini na kuiimba kwa mitindo ya nyumbani kwao, Kyrie ikienda kwa kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Naipenda. Lakini ni jibu la swali jingine: pale maneno ni ya Roma na muziki ni wa Kasai na Katanga. Mimi nilikuwa na maneno ya kwangu tayari, nikitafuta yatembee vipi.

Jibu likatoka kwa mtu ambaye sikumwuliza. Nilipoileta ile Zaburi ya 23 kwenye mazoezi, sauti moja kwanza, watu wote, kama Duruflé alivyofanya 1966 katika Misa yake ya *Cum jubilo* ambamo kwaya nzima ya baritoni inaimba mstari mmoja tu, kijana wetu wa ngoma alikuwa amekaa pembeni akisubiri nyimbo za kwake. Akaanza kugonga kwa vidole kwenye kiti cha plastiki. Mbili, mbili, mbili, na ile tatu akaipata bila kuelekezwa.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Mwalimu, hii mbona kawaida. Ngoma ya nyumbani mkono huu una mbili, huu una tatu. Ninyi mnaimba mkono mmoja mmoja tu."

Nilikaa chini.

Miaka yote tumeambiwa kwamba wimbo wa Kigregoriani hauna mdundo na ngoma ni mdundo mtupu, kwa hiyo ni maji na mafuta. Anayesema hivyo upande mmoja hajasikiliza wamonaki, na upande mwingine hajasikiliza ngoma. Mbili na tatu ni mali ya wote wawili. Kilicho mgeni kwa wote wawili ni ile nne kwa nne ya gwaride inayotoka kwenye kinanda ukibonyeza kitufe.

Sisemi tatizo limekwisha. Tulipoiimba zaburi hiyo kwenye Misa, sehemu ya waumini walitulia wakasikiliza, na sehemu nyingine walitulia kwa sababu hawakujua wafanye nini. Paroko aliniambia kwa upole kwamba watu wanataka kushiriki, si kutazamishwa. Ni kweli. Kiitikio nimekiandika upya, kifupi, kinachoshikika mara moja, chenye mapigo ya sawasawa ili mama mwenye mtoto mgongoni aweze kuyumba nacho, na mashairi ndiyo yanayokwenda kwa maneno. Mzee wa besi ameridhika na mpango huo. Kwenye kiitikio anagonga kisigino, kwenye mashairi anakunja miguu chini ya benchi.

Kuna wenzangu walimu wa kwaya wanaoona hii ni kujisumbua, kwamba watu wamezoea na Mungu anaelewa hata *muchungaji*. Mungu anaelewa, ndiyo. Lakini yule kijana wa darasa la tano anayejifunza zaburi kwa kutusikia sisi, yeye anaelewa kile tulichokaza.

Tunaiandaa sasa kwa ajili ya tarehe 2 Novemba, Marehemu Wote, sauti nne kwenye kiitikio na sauti moja kwenye mashairi. Kilichobaki ni ubeti wa bonde la uvuli wa mauti. Kijana wa ngoma anataka aingie hapo hapo, kwa vidole, chini kabisa. Soprano wanasema ubeti huo uachwe mtupu, na wakishasema soprano unajua kazi ipo. Jumatano tutaimba kwa njia zote mbili, kisha mzee wa besi ndiye atakayekata shauri.